Faili Lililoizika Sahani

CD ya kwanza kuuzwa duniani haikuwa na faili hata moja ndani yake. Philips na Sony walikubaliana mwaka 1980 juu ya sahani ya sentimita 12, na mashine ya kwanza ya Sony ikaingia madukani Japani Oktoba 1982. Kilichokuwa kikiuzwa wakati huo kilikuwa muziki mtupu: msururu mmoja wa vishimo unaojizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni, ukisomwa na leza bila kukatika, vipande 75 kila sekunde. Wimbo hauhitaji jina la faili, wala folda, wala tarehe ya kuhifadhiwa. Ukiutaka wa tano, mashine inatazama orodha fupi iliyo mwanzoni mwa sahani, inaruka hadi dakika na sekunde iliyotajwa, na kuanza kupiga. Ni muhimu kulishika jambo hili mapema, kwa sababu hoja yote inayofuata inalitegemea: sahani ni kitu kimoja, na mpangilio wa yaliyomo ni kitu kingine. Kwa kawaida historia ya kuchoma CD husimuliwa kama historia ya sahani yenyewe, yaani leza zilivyopungua bei, kasi ilivyopanda, na DVD ilivyomfuata mkubwa wake. Mimi naona mhusika mkuu ni mwingine. Ni lile faili la taswira ya diski, tunaloliita ISO, ambalo lilianza kama kibarua wa sahani, likafanywa la lazima na udhaifu wa mashine za kuchomea, na leo linafanya kazi kila siku mahali ambapo sahani haijaonekana kwa miaka.

Mwaka 1983 kampuni hizo mbili ziliandika kanuni za CD-ROM, yaani CD ya kubeba data za kompyuta. Ugumu ulikuwa kwamba sikio husamehe. Chembe ya sauti ikipotea kwa mkwaruzo, mashine hukisia kilichokuwapo kutokana na chembe za jirani, na msikilizaji hagundui. Programu ya kompyuta haina huruma hiyo. Herufi moja ikikosewa, kazi yote inaweza kusimama. Kwa hiyo kila kipande, au sekta, chenye baiti 2,352 kilikatwa upya: baiti 12 za kuashiria mwanzo, 4 za anwani, 2,048 za data yenyewe, 4 za kugundua kosa, 8 zikaachwa wazi, na 276 za kurekebisha kosa. Hesabu ya baiti 2,048 ndiyo iliyobaki hadi leo. Zidisha kwa vipande 75 vya sekunde moja, kwa sekunde zote za dakika 74, utapata zile megabaiti 650 zilizoandikwa kwenye kava za CD tupu za zamani. Kanuni za 1983, hata hivyo, ziliishia kwenye sekta. Zilieleza namna ya kuhifadhi baiti salama, lakini hazikusema neno juu ya wapi faili linaanza, linaitwaje, wala folda inajulikanaje. Kila mchapishaji alijitungia utaratibu wake. Aliyetoa kamusi kwenye CD-ROM alilazimika kutoa pia programu ya kuisoma, na sahani yake haikusomeka na programu ya mwenzake. Kampuni ya Grolier ilipotoa ensaiklopidia yake ya maandishi matupu mwaka 1985, teknolojia ya kuhifadhi ilikuwa imekomaa, soko likiwa bado halijazaliwa.

Novemba 1985 wawakilishi wa kampuni zaidi ya kumi walikutana katika hoteli na kasino ya High Sierra, karibu na Ziwa Tahoe, jimboni Nevada. Walikuwamo Apple, Microsoft, DEC, Hitachi, Sony, Philips na 3M, pamoja na kampuni ndogo ambazo leo hakuna anayezikumbuka. Rasimu yao ikatoka Mei 1986. Desemba mwaka huohuo shirika la viwango la Ulaya, ECMA, likaichapisha ikiwa na mabadiliko madogo kwa namba 119, na mwaka 1988 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 9660. Ukikitazama kiwango hicho kwa karibu utaona kwamba hakikuandikwa na watu waliopendana. Kompyuta zenye vichakataji vya Intel huandika namba kwa kuanza na baiti ndogo. Zile za Motorola, kama Macintosh ya wakati huo, huanza na kubwa. Hakuna upande uliokubali kushindwa, wakaamua kila namba muhimu iandikwe mara mbili, kwanza kwa mtindo huu, kisha kwa ule. Chukua faili lolote la ISO la CD ya data, lifungue kwa programu inayoonyesha baiti ghafi, na uende hadi baiti ya 32,769. Utakuta herufi CD001, ambazo ndizo muhuri wa kiwango. Songa mbele kidogo hadi baiti ya 32,896 na utakuta namba nne zimejipanga: 00 08 08 00. Hiyo ni 2,048, ukubwa wa sekta, iliyoandikwa kwa mtindo wa Intel na kurudiwa kwa mtindo wa Motorola. Mtaalamu wa kubana nafasi angesema ni ufujaji, lakini ufujaji wa baiti mbili ndio ulionunua amani. Sahani ileile ikasomeka kwenye kompyuta za kambi zote.

Uamuzi mwingine wa kamati ile ulikuwa mkubwa zaidi, ingawa wakati huo ulionekana mdogo kuliko yote. Sekta 16 za mwanzo, baiti 32,768 kamili, waliziacha bila matumizi. Kiwango kinasema eneo hilo ni la mfumo wa kompyuta, na hakisemi zaidi ya hapo. Liko kama baraza ya nyumba ya Kiswahili: si chumba cha mtu yeyote, na kwa sababu hiyo kila ajaye hupata pa kukaa. Apple walikaa hapo, wakaweka jedwali la kuielekeza Macintosh kwenye mfumo wake yenyewe wa mafaili, na sahani moja ikawa na sura mbili, ya Mac na ya wengine. Sega nao waliweka hapo programu ya kuwashia michezo ya Saturn na Dreamcast. Mtumiaji wa tatu alifika zaidi ya miaka 20 baada ya mkutano wa Tahoe, na yeye ndiye aliyeitenganisha ISO na sahani moja kwa moja. Nitamfikia.

Kiwango chenyewe kilikuwa kibahili. Katika ngazi yake ya chini jina la faili lilikuwa herufi 8, nukta, na herufi 3, zote kubwa. Folda hazikuruhusiwa kushuka zaidi ya ngazi 8. Watu wa Unix, waliozoea majina marefu na haki za umiliki wa mafaili, wakabuni nyongeza ya Rock Ridge. Microsoft wakaja na Joliet mwaka 1995, iliyoruhusu majina ya herufi 64 na maandishi yasiyo ya Kilatini. Mwaka huohuo Phoenix na IBM wakaandika El Torito, utaratibu unaoiwezesha kompyuta kuwaka kutoka kwenye CD bila disketi. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyovunja kiwango cha 1988. Zote zilijibanza ndani yake, mahali palipoachwa wazi, na sahani ya zamani ikaendelea kusomeka kwenye mashine mpya na mpya kwenye ya zamani, ukiacha majina yaliyokatwa mikia.

Hapa msomaji anaweza kunipinga, na ana haki. Atasema: kamati hazibadilishi dunia, bei ndiyo hubadilisha. Bila kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani kutangaza mwaka 1988 sahani inayoandikika, na bila kanuni za CD-R za mwaka 1990, ISO 9660 ingebaki karatasi ya viwandani. Ni kweli kwamba kazi ya Taiyo Yuden ilikuwa ya akili nyingi. CD ya kiwandani hugongwa kwa muhuri, vishimo vyake vikiwa vya kweli. CD-R haina vishimo. Ina tabaka la rangi ya kikaboni lililopakwa juu ya mfereji wa mwongozo, na leza yenye nguvu inapolipasha joto, rangi ile hubadilika na kuacha kuakisi mwanga vizuri. Msomaji wa kawaida wa CD hudanganyika akadhani amekutana na kishimo. Neno kuchoma, basi, linaeleza jambo lenyewe kama lilivyo. Mashine za kwanza za kuchomea ziligharimu makumi ya maelfu ya dola, na ni mwaka 1995 ndipo HP walipotoa mashine yao ya 4020i kwa bei iliyo chini kidogo ya dola 1,000. Nakubali haya yote. Ila bei nafuu iliwahi kuvisaidia vyombo vingi ambavyo leo ni vumbi. Sony hao hao walikuwa na MiniDisc, pamoja na aina yake ya kubeba data, nayo ilikufa, data zake zikabaki zimefungwa ndani ya mashine zake. Kushuka kwa bei kunaeleza kwa nini watu walinunua sahani. Hakuelezi kwa nini waliendelea na faili la taswira baada ya kuacha kununua sahani, na swali langu ni hilo la pili.

Jibu linaanza na kasoro. Leza ya mashine za miaka ya 1990 ikishaanza kuandika haikuweza kusimama. Sahani inazunguka, mfereji unapita, na data lazima ziwepo kila wakati. Kwa kasi mbili, yaani kilobaiti 300 kwa sekunde, mashine yenye akiba ya megabaiti moja ilikuwa na pumzi ya sekunde tatu na ushee. Kompyuta ikichelewa zaidi ya hapo, akiba inakauka, leza inakosa cha kuandika, na sahani nzima inaharibika isiweze kurekebishwa. Kompyuta za wakati huo zilichelewa kwa sababu ndogo sana: kiwambo kikiamua kuzimika, programu ya virusi ikianza ukaguzi wake, au mafaili madogo elfu tatu yaliyotawanyika kwenye diski kuu yakihitaji kutafutwa moja moja. Sahani tupu ilikuwa ghali, na iliyoharibika haikuwa na kazi ila kuwekewa glasi mezani. Mafundi wakagundua tiba. Badala ya kuiacha programu itafute mafaili huku leza ikisubiri, iandae kwanza sahani yote, sekta kwa sekta, kama itakavyokuwa, na uihifadhi kama faili moja kubwa kwenye diski kuu. Halafu choma faili hilo. Kusoma faili moja lililonyooka ni kazi nyepesi hata kwa kompyuta dhaifu, na akiba haikauki. Gharama yake ilikuwa megabaiti 650 za nafasi tupu, wakati diski kuu nyingi hazikuwa na zaidi ya gigabaiti moja, lakini ilikuwa nafuu kuliko kutupa sahani. Taswira, kwa maneno mengine, haikubuniwa kwa ajili ya uzuri wake. Ilikuwa dawa ya ugonjwa wa mashine.

Lakini dawa hiyo ilikuwa na athari ambayo hakuna aliyeikusudia: iligawa kazi mara mbili. Kutengeneza taswira kukawa kazi moja, kuchoma kukawa nyingine, na kila moja ikapata programu yake. Katika ulimwengu wa Unix mgawanyiko huu uko wazi kabisa. Mwaka 1993 Eric Youngdale aliandika mkisofs, programu inayochukua folda na kutoa faili la ISO, na isiyojua lolote kuhusu leza. Mwaka 1996 Jörg Schilling wa Berlin akatoa cdrecord, inayochukua faili na kuliandika kwenye sahani, na isiyojali ndani yake mna nini. Schilling alikuwa fundi hodari na mtu mgumu. Aliigombeza Linux kwa miaka juu ya namna inavyozungumza na mashine za kuchomea, na alipobadilisha leseni ya sehemu za kazi yake mwaka 2006, watu wa Debian, toleo mojawapo la Linux, walikataa, wakachukua toleo la zamani na kuanzisha tawi lao la cdrkit. Ugomvi huo ulijaza kurasa nyingi na haukumfurahisha yeyote. Hata hivyo tazama ulichoacha: programu za kuchoma ziligawanyika, zikabadilishana majina, nyingine zikazeeka, na mafaili ya ISO yaliyotengenezwa na upande wowote yakaendelea kusomeka na upande wowote. Waliogombana ni wachomaji; mkataba wa mwaka 1988, yaani ISO 9660, haukuguswa. Kwenye Windows, Nero ya Wajerumani ilizifunga kazi zote mbili ndani ya dirisha moja, ikawa programu ambayo karibu kila fundi wa kompyuta mtaani aliijua. Ndani yake, hata hivyo, kitufe cha kuhifadhi taswira bila kuchoma chochote kilikuwepo.

Mwaka 2000 kampuni ya Sanyo ilileta teknolojia ya BURN-Proof. Akiba ikikauka, mashine inasimamisha leza, inakumbuka ilipoishia, na kuendelea kutoka palepale kwa usahihi unaoitosha mashine ya kusomea. Baada ya muda mfupi kila mashine ilikuwa na kitu kama hicho. Ikiwa taswira ilikuwa dawa tu, siku hiyo ndiyo ilipaswa kuwa siku yake ya mwisho, kwa maana ugonjwa ulikuwa umepona. Badala yake ilistawi kuliko awali. Naona huu ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba thamani yake ilikuwa imeshahama. Watengenezaji wa Linux walikuwa wakitoa kazi yao kwa ulimwengu mzima kupitia intaneti, na hawakuwa na njia ya kutuma sahani kwa waya. Walituma faili, na kando yake wakaandika alama ya uhakiki, mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka katika kila baiti ya faili. Aliyepakua anakokotoa upya. Zikilingana, anacho kilekile kilichotoka kwa mtengenezaji, hakuna baiti iliyozidi wala kupungua. Sahani haiwezi kutoa ahadi ya namna hiyo kwa macho. Ahadi hiyo ina mipaka, bila shaka. Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuelekeza wapakuaji kwenye taswira iliyopandikizwa mlango wa siri, na alama ya uhakiki iliyo kwenye tovuti iliyovamiwa haimlindi mtu. Tangu hapo watu wamesisitiza zaidi saini za kidijitali.

Kwa Afrika Mashariki kipindi hiki kilikuwa na sura yake. Kabla ya kebo ya SEACOM kutua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ya eneo hili ilitegemea zaidi satelaiti, na kupakua megabaiti 700 lilikuwa jambo la siku kadhaa na fedha nyingi. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini inayotengeneza toleo la Linux liitwalo Ubuntu, ilituma CD za bure kwa posta kwa yeyote duniani aliyeomba, hadi ilipofunga huduma hiyo Aprili 2011. Mtu anaweza kuuchukua mfano huu kunipinga: hapa sahani ndiyo iliyofika, faili lilishindwa. Ndiyo, sahani ilifika. Lakini bahasha moja ilitosha chuo kizima, kwa sababu aliyeipokea aliweza kuirudisha kuwa taswira kwenye kompyuta na kumchomea kila aliyetaka, nakala ya kumi ikiwa sawasawa na ya kwanza. Sahani ilikuwa usafiri wa sehemu moja ya safari. Nchini Tanzania serikali nayo iliitazama sahani kama bidhaa yenyewe: mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kudai stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu, ili halali ijulikane na ya wizi ikamatwe. Nia ilikuwa njema na wasanii walikuwa wakiibiwa kweli. Tatizo ni kwamba stempu hubandikwa kwenye kava, na kufikia wakati huo yaliyomo yalishahamia kwenye flashi na simu, ambako hakuna pa kubandika kitu.

Pingamizi jingine ni la kiufundi. Yapo mafaili mengi leo yanayoitwa ISO ambayo kiini chake si ISO 9660. DVD na Blu-ray hutumia mfumo mpya zaidi wa UDF, na taswira za kuingiza Windows zimekuwa hivyo tangu siku za Vista. Je, jina tu ndilo limebaki? Jaribio dogo linajibu. Fungua taswira ya Windows ya namna hiyo kwa programu isiyojua UDF, na utaona faili moja pweke, README.TXT, linalosema kwamba sahani hii ina mfumo wa UDF na inahitaji kompyuta inayouelewa. Faili hilo limehifadhiwa kwa ISO 9660. Hata Microsoft, walipohama, waliacha ujumbe mlangoni kwa lugha ya mkataba wa zamani, wakijua kuwa ndiyo lugha ambayo kila mashine itaisoma.

Sasa nimrudie yule mtumiaji wa tatu wa baraza. Karibu na mwaka 2008, H. Peter Anvin, mwandishi wa programu za kuwashia Linux ziitwazo Syslinux, alileta ISO mseto. Alichofanya ni kuweka ndani ya zile sekta 16 tupu jedwali ambalo kompyuta hulitafuta mwanzoni mwa diski kuu. Faili likichomwa kwenye CD, kompyuta inalipita eneo hilo na kwenda kwenye CD001. Likinakiliwa kama lilivyo kwenye flashi, kompyuta ileile inakutana kwanza na jedwali, inaamini iko mbele ya diski ya kawaida, na kuwaka. Baiti ni zilezile, hakuna kilichobadilishwa kati ya matumizi mawili. Kuanzia hapo kuchoma kukawa hiari. Oktoba 2012 Ubuntu 12.10 ilitoka ikiwa na takriban megabaiti 800, na kwa mara ya kwanza haikuenea kwenye CD. Wengi hawakuona tofauti. Mwaka huohuo Windows 8 ikaanza kufungua ISO kwa kubofya mara mbili, kana kwamba sahani imeingizwa. Taiyo Yuden wakaacha kutengeneza sahani mwishoni mwa 2015, na Februari 2025 Sony wakasimamisha uzalishaji wa Blu-ray za kuandikika. Wakati huohuo, kwenye vituo vya data, seva zisizo na tundu la CD zinawashwa kila siku kwa ISO kupitia mtandao, zikiigiza kwamba zina msomaji wa sahani. Kompyuta pepe mpya huweza kupewa mipangilio yake ya kwanza kwa ISO ndogo yenye jina cidata, ambayo inasomwa wakati wa kuwaka na baadaye haina kazi tena.

Hoja yangu ina mpaka mmoja ambao sitauruka, kwa sababu unatugusa sisi kuliko wengi. ISO imehifadhi kile tu kilichokuwa ndani ya mkataba, yaani sekta za baiti 2,048. CD ya muziki haimo, kwa kuwa haina mafaili. Ili kuinakili kikamilifu unahitaji taswira ya baiti zote 2,352 pamoja na faili dogo la maelezo ya nyimbo, ule mtindo wa BIN na CUE uliosambazwa na programu ya CDRWIN ya Jeff Arnold. VCD, yaani CD ya video, nayo iko nusu ndani, nusu nje. Kanuni zake za mwaka 1993 ziliondoa baiti za kurekebisha makosa kwenye sehemu ya video ili kupata nafasi zaidi, data zikawa baiti 2,324 kwa sekta, kwa imani kwamba jicho nalo, kama sikio, husamehe. Hiyo ndiyo sahani iliyobeba filamu za Bongo, taarabu na kwaya za Injili kutoka Kariakoo hadi vijijini, filamu ndefu ikigawanywa sahani mbili. Kila aliyewahi kuifungua kwenye kompyuta anaikumbuka folda ya MPEGAV na faili la AVSEQ01.DAT ndani yake. Folda na jina hilo vimeandikwa kwa ISO 9660 kwenye mkondo (track) wa kwanza wa sahani. Video yenyewe iko kwenye mikondo inayofuata, kwa sekta za aina nyingine. Kwa hiyo anayejaribu leo kuziokoa sahani hizo, ambazo nyingi zilichomwa mtaani kwenye CD-R zinazofifia kwa joto na jua, akichagua kutengeneza ISO ya kawaida mara nyingi atapata faili lenye orodha kamili ya yaliyomo, na filamu haimo. Programu inayofaa ni ile inayosoma sekta ghafi na kutoa BIN na CUE, na kazi hiyo ifanyike wakati rangi ya sahani bado inasomeka.